Namba ya Bwana Mifugo

Ndugu zangu wa Misima, mwaka 2006 masika yalitunyeshea vizuri. Jirani yangu Kisemei alikuwa na ng'ombe thelathini na wawili. Asubuhi mkewe Simaloi akikamua, mimi Mdoe na watu wangu tulikuwa tukipalilia mahindi huku tukisikia kengele za ng'ombe. Wakulima na wafugaji tulikaa kwa amani, na hilo si jambo dogo.

Kisha ng'ombe wakaanza kufa.

Mnakumbuka josho letu la kuogeshea ng'ombe lilivyofungwa baada ya watumishi kupunguzwa. Dunstan, bwana mifugo aliyelisimamia, alirudi kwao Kilole, Korogwe, na dawa zikawa zinauzwa mnadani na kila mwenye meza. Kisemei alimsikiliza muuzaji mmoja ambaye kwake kila ugonjwa ulikuwa na sindano ile ile. Akachoma, na ng'ombe wakazidi kufa. Walipofika tisa, Simaloi alimsihi amwulize mtu aliyesomea. Kisemei akakataa. Alisema amezaliwa zizini, na ni aibu kwake kufundishwa ng'ombe.

Hapa nami nakiri kosa langu. Namba ya Dunstan nilikuwa nayo daftarini tangu mnara wa simu ulipowashwa. Sikuitoa, kwa sababu hakuna aliyeniuliza.

Mwishowe Simaloi aliniuliza. Alikuja shambani na simu ya kaka yake, macho mekundu, nikamsomea namba. Dunstan akapokea. Hakukimbilia kutaja dawa. Aliuliza kama matezi ya chini ya masikio yamevimba, kama wanakohoa, kama kupe ni wengi. Simaloi alijibu yote bila kusita, maana ndiye aliyewashika kila siku.

"Mama, inaonekana ni ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe," Dunstan akasema. "Sindano hiyo haitawaponya. Nakuja kesho nione kwa macho yangu."

Alikuja kwa basi la kwanza, na dawa yenyewe mkobani. Wagonjwa walikuwa sita. Wanne walipona; wawili tulikuwa tumewachelewa. Akatuonyesha namna ya kuwaogesha dawa kwa bomba la kubeba mgongoni ili kupe wasirudi. Kisemei akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Tisa walikufa, nawe ulikuwa Korogwe tu," alisema. "Ahsante kwa kupokea simu ya mke wangu."

Kisemei hakuwahi kusoma, lakini amejifunza tarakimu. Mfugaji akimwuliza, huiandika namba ile mchangani kwa fimbo yake.

FUNZO

Simu haikuponya ng'ombe. Aliyewaponya ni mtu aliyesomea, na simu ilimleta karibu. Basi tuulize mapema, tena tumwulize anayejua, si kila mwenye maneno mengi. Aibu ya kuuliza iliua ng'ombe, na kunyamaza kwangu pia kuliwaua. Mwenye namba ya mganga, mkunga au bwana shamba asiifungie daftarini. Namshukuru Dunstan kwa kujibu. Lakini kwanza namshukuru Simaloi, kwa kuniuliza.