Mpira wa Maji Machafu

Yalimkuta rafiki yangu, fundi redio, aliyeoa mjane mwenye gari la kulala, lile la safari lenye kitanda, jiko na tangi la maji machafu chini ya sakafu. Walipofika kwenye kambi ya magari hayo mkewe akamkumbusha, "Marehemu hakuacha maji machafu yalale tangini. Alimwaga, akakunja mpira, akaupiga mafundo mawili."

"Basi marehemu aje amwage," akajibu kwa wivu.

Bango la kambi lilionya kwamba asiyeandikishwa ofisini haruhusiwi kumwaga maji machafu hapo.

Walipozima taa, maji yakaanza kububujika chini ya sakafu, kisha kimya. "Ahsante, mume wangu," mkewe akanong'ona usingizini, amempa mgongo, uso dirishani.

Rafiki yangu akatoka na tochi. Tangi lilikuwa tupu. Mpira, aliokuwa ameufungia sandukuni kwa kufuli, ulining'inia mlangoni ukichuruzika, umepigwa mafundo mawili.