Mwanamke wa Kitambaa Chekundu

Siku ya soko mjini Düsseldorf watu hubanana mpaka bata bukini hawana pa kupitishia shingo. Katika msongamano huo Severin Odenthal, sanduku la rangi mgongoni na mwavuli mkubwa wa kuchorea kwapani, aligeuka kumpisha mama mwenye mkokoteni wa kabichi. Ncha ya mwavuli ikaangusha mtungi wa Sibilla Kürten, muuza haradali, ukapasuka, haradali ikaruka juu ya aproni nyeupe iliyopigwa pasi asubuhi ile.

"Macho unayo, au umeyaacha nyumbani?" Sibilla aliuliza.

Severin aliinama, akachota haradali kwa kidole, akaitazama kwenye mwanga.

"Wenzako huionja," Sibilla akasema.

"Rangi hii nimeitafuta kiangazi kizima. Ndiyo ya mashamba ya ngano kabla ya mvua."

"Na mimi natafuta wa kufua aproni."

"Nipe nikaifue."

"Nikuvulie nguo, nisiyekujua? Wewe umelelewa wapi?"

Wakacheka wote wawili. Kesho yake Severin alirudi na mtungi mpya, amevaa koti la mahameli jeusi lililochakaa viwiko na kofia pana kama ya mnyang'anyi wa milimani. Kuanzia hapo haradali ililiwa sana nyumbani kwa mtu aliyeishi peke yake.

Severin alikuwa mchoraji wa mandhari. Kiangazi alizunguka kwa miguu milima ya Eifel, akichora mawe, mialoni na mawingu papo hapo. Baridi ikija alijifungia chumbani kunakonuka mafuta ya kitani, akivigeuza vichoro vile kuwa picha kubwa za kuning'inizwa na matajiri juu ya meko zao. Wingu la asubuhi na la alasiri hakuyachanganya. Lakini Sibilla alipomwambia, "Nichore na mimi basi," hakukosa jibu. Mwanga mbaya. Mkono unauma. Kesho, moyo wangu.

Wakachumbiana. Padri Reinartz akawatangaza kanisani Jumapili ya kwanza, akawatangaza ya pili. Ikabaki ya tatu, ndipo wafungishwe ndoa. Wiki hiyo Sibilla alimpelekea mchumba wake supu, akisindikizwa na shangazi yake Apollonia aliyemlea, maana msichana haendi kwa mwanamume peke yake.

"Huyu nani?" shangazi aliuliza, kidole karibu kiguse picha.

Chini ya mwaloni alisimama mwanamke mdogo kama tone, kitambaa chekundu kichwani, ametugeuzia mgongo, bega la kushoto limeinama kidogo. Kwenye picha ya maporomoko alikuwepo tena. Kwenye ya kinu cha maji, yeye yule.

"Si mtu," Severin akasema. "Kijani kikizidi jicho huchoka. Nukta nyekundu huliamsha."

"Mbona nukta hii ina kiuno?"

Severin akaiva uso, akaigeuza picha ukutani. Hapo ndipo alipojiharibia. Asiye na la kuficha hageuzi picha.

Njiani shangazi hakunyamaza. "Panapofuka moshi pana moto, mwanangu. Kiangazi kizima yuko Eifel. Wewe unaambiwa kesho, mwenzako kachorwa mara tatu."

"Labda ni dada yake."

"Dada yake mtawa. Watawa hawavai nyekundu."

Sibilla hakulia. Alisali rozari nzima bila kujua anamwombea nani, kisha akaenda kwa padri. "Jumapili usitutangaze, Padri."

"Kuna kizuizi?"

"Kipo. Kina kitambaa chekundu."

Jumapili majina yao hayakusomwa, na shingo zikageuka kanisa zima. Misa ilipokwisha Severin alimkimbilia mlangoni.

"Billa, nimekosa nini?"

"Kamuulize aliye chini ya mwaloni."

"Hakuna mtu chini ya mwaloni."

"Anaitwa nani?"

"Hana jina."

"Kiuno umekijua, jina hulijui. Hilo ndilo baya zaidi."

Severin akavuta kofia yake hadi machoni, akaenda zake.

Maonyesho ya wachoraji yalipofunguliwa, Sibilla alivaa gauni lake la hariri ya kijivu akaenda na shangazi, amtazame vizuri huyo mwanamke. Akamkuta kwenye picha za Severin. Lakini alimkuta pia ufukweni mwa Norway, katika picha ya mzee mmoja mwenye ndevu. Tena katikati ya magofu ya Italia, katika picha ya mtu mwingine kabisa. Bega lile lile.

"Shangazi, huyu anatembea na wachoraji wote wa mji."

"Mpaka Italia," shangazi akasema, akapiga ishara ya msalaba.

Nyuma yao mtu mnene akacheka. Alikuwa Hubert Esser, rafiki yake Severin.

"Mnamsengenya binti yangu wa rangi? Huyo namchora mimi katika picha zao. Ndiyo kazi yangu. Wao wanachora miti, mimi nawawekea watu. Wa kuweka ng'ombe ni mwingine. Ni desturi yetu, hakuna aonaye haya."

"Severin anaona."

Hubert akapunguza sauti. "Severin akichora mtu, anatoka gunia la viazi lenye kofia. Chuoni walimcheka mpaka akaapa hatajaribu tena. Usimwambie nimesema."

Saa ile ile Sibilla alikwenda chumbani kwa Severin akamwambia, shangazi akiwa amesimama mlangoni.

"Kwa nini ulinificha?"

"Ungesema, mchoraji gani huyu asiyeweza kumchora mchumba wake?"

"Ningesema, na ningeolewa nawe. Nimekufanya mzinzi mbele ya padri; hilo ni langu, nitaliungama. Lako ni hili: uliona heri nikudhanie uzinzi kuliko nijue huwezi kuchora pua."

Severin akaanza kupangusa brashi iliyokuwa safi tayari.

"Nenda kwa padri mwenyewe. Mwambie kizuizi kilikuwa nini."

"Reinartz? Kabla ya chakula cha mchana mji mzima utakuwa unajua. Wanunuzi wangu, Billa."

"Wanapenda miti yako. Nenda au usiende. Jumapili nitasikia."

Hakumwona tena wiki ile, wala hakutuma mtu kuuliza. Jumapili alikaa upande wa wanawake, mikono imekazwa mapajani. Padri alitangaza ibada ya marehemu, akatangaza pochi iliyookotwa, akageuza karatasi.

"Kwa mara ya tatu na ya mwisho: Severin Odenthal, mchoraji wa..." akakohoa, "wa miti, na Sibilla Kürten."

Benchi la wachoraji likatikisika kwa kicheko kilichozuiwa. Ng'ambo ya pili masikio ya Severin yaliwaka, lakini kichwa hakukiinamisha.

"Kaenda kweli," shangazi alinong'ona, kama aliyenyimwa kitu.

"Kaenda," Sibilla akasema. Kinanda kikaanza, naye akafungua kitabu cha nyimbo, asiuone ukurasa.