Nozeli ya Kwanza

Jua lilikuwa linakaribia kuzama fundi alipofungua boneti ya gari la marehemu mama mkwe. Siku kumi tu tangu mazishi. Enzi za uhai wake bibi huyo hakutaka fundi yeyote aliguse gari lile, hata huyu aliyemwoa binti yake. Likiharibika, alijifungia nalo bandani usiku kucha, na asubuhi linanguruma. Sasa mwenyewe hayupo, na mwanawe wa kiume alitaka liwake jioni hiyo hiyo, kesho alipeleke kwa mnunuzi.

Huyo mwana walimwita Bondia, ingawa ulingoni hakuwahi kupanda. Watu aliwapiga mitaani, bure. Katika watoto wanne wa bibi, walibaki yeye na mdogo wake, mke wa fundi. Dada yao mkubwa alianguka ngazini akiwa na miaka kumi na minne, akavunjika shingo. Wa pili alichukuliwa na homa.

"Fundi wangu, si uliache tu?" mkewe alikuwa amemwambia akiwa jikoni, ng'ambo ya ukuta wa banda, mikono imejaa povu la sabuni. "Mama alikataza."

"Mama yako alikuwa hatuamini mafundi. Na wala hakukosea."

Mkewe alicheka. Miaka kumi na miwili ya ndoa, bado alimwita "fundi wangu" hata mbele za watu, naye bado moyo ulimruka kila alipoitwa hivyo. Hawakujaliwa mtoto. Duniani hapa alikuwa na mtu mmoja, na ndiye huyo.

Bondia aliketi kwenye usukani, akawasha. Gari likatetemeka lote. Injini ilikuwa inamisi: silinda nne, zinazofanya kazi mbili. Ilikuwa injini ya zamani, lakini kila silinda ilikuwa na nozeli yake ya umeme ya kupuliza mafuta. Fundi alitoa taa ya kupimia umeme. Waya wa nozeli ya kwanza, taa kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu ikametameta. Wa nne ikametameta.

Ndipo alipoona nywele.

Kwenye shingo ya kila nozeli kulikuwa na kishungi cha nywele laini, kama za mtoto mchanga, kimefungwa kwa uzi mwekundu. Vishungi vinne. Alitaka kusema ni kazi ya panya... lakini panya hafungi fundo. Mwenye busara angefunga boneti na kwenda zake, ila fundi akishaanza kutafuta ugonjwa wa gari huwa haambiliki.

Alichomoa waya wa tatu. Injini ikadidimia. Bondia akaangukia usukani, honi ikalia. Fundi akarudisha waya haraka, na shemeji yake akainuka akikohoa, macho mekundu.

"Nimekabwa," alisema. "Moshi huu utatuua. Fungua mlango wote."

Wakafungua. Moshi, basi. Waliliamini hilo kwa sababu walitaka kuliamini.

Kuna kipimo ambacho kila fundi umeme anakijua. Ukitaka kujua kama nozeli ni nzima, ichomekee waya wa nozeli nyingine inayofanya kazi. Fundi akachomoa waya wa nne. Jikoni sahani ikaanguka ikavunjika.

"Pole, mke wangu," aliita, huku anachomeka waya ule kwenye nozeli ya kwanza.

Injini ikabadilika sauti. Nozeli ilikuwa nzima kabisa. Fundi akatabasamu.

Jikoni maji ya bomba yalikuwa yanamwagika bila mtu kuyafunga. Kisha hatua... moja... mguu unaburutwa... nyingine. Harufu ya nywele zinazoungua ikajaa banda.

Mkewe alisimama mlangoni. Shingo yake ilikuwa imelalia begani. Mkononi alishika mchi wa kutwangia.

Alimpita mumewe kama anavyopitwa mtu asiyejulikana, akaenda hadi dirisha la dereva.

"Umekuwa mkubwa," alimnong'oneza Bondia. "Siku ile ulikuwa hunifikii kifuani. Lakini pale juu ya ngazi, mikono yako ilikuwa na nguvu."

Bondia akawa mweupe midomo.

"Dada Mkubwa," alisema.

Pigo la kwanza lilivunja kioo na meno pamoja. La pili lilimpata Bondia jichoni alipojaribu kutoka. Fundi alimkamata mkewe kiunoni, kiuno alichokijua, akarushwa ukutani akasikia mbavu zikivunjika. Alipofungua macho, mchi ulikuwa unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, na damu ilikuwa imetapakaa kwenye dashibodi. Bondia aliita mama. Mara moja tu.

Papo hapo nozeli ya tatu ikafa.

Vishungi vinne. Watoto wanne. Fundi akaelewa, na akili ilimjia imechelewa. Alitambaa hadi kwenye injini. Ilikuwa inakwenda kwa silinda moja, inagugumia, na pumzi zake zilikuwa zinahesabika. Auchomoe waya kwenye nozeli ya kwanza, aurudishe kwenye ya nne kabla injini haijasimama, mkewe angerudi; ikisimama kwanza, aliyemo mwilini ndiye angebaki. Akaushika waya.

"Shemeji."

Mdomo ulikuwa wa mkewe.

"Ukimrudisha," ulinong'ona, "ataamka na damu ya kaka yake mikononi. Alimpenda, pamoja na ubaya wake wote. Utamwambia nini?"

Fundi alitafuta jibu. Kosa lake lilikuwa hilo tu, kutafuta jibu kwanza.

Injini ikakohoa. Ikakohoa tena.

Kimya.

Alilia jina la mkewe. Alichomeka waya mahali pake, akamsukuma maiti pembeni, akazungusha ufunguo. Stata ililia na kulia. Silinda moja haiwezi kuziamsha tatu zilizokufa, na hilo alilijua tangu anajifunza kazi, lakini alizungusha mpaka betri ikaisha na ufunguo ukabaki unatoa mlio mdogo wa tik... tik...

Mwanamke alikuja akachutama mbele yake. Shingo ilikuwa imenyooka sasa. Alikuwa amenawa mikono.

"Njoo ndani, shemeji. Umeumia."

Akampangusa damu usoni, taratibu. Kiganja kilikuwa kile kile, chenye joto lile lile, na kovu la pasi kwenye kidole gumba. Fundi alijua vizuri nani anamgusa.

Na bado, Mungu amsamehe, alikilaza kichwa chake kwenye kiganja hicho.