Mguu Wangu na Lori la Mukhwana

Kila Jumatatu nilikuwa naenda Kitale kununua kabichi. Niliziuza hapa Misikhu, kando ya soko. Mimi ni Nelima, Mama Nangila. Nilikuwa na miguu miwili mizuri na mdomo mkali. Mdomo bado ninao.

Jumatatu moja nilikuwa sokoni Kitale, nimesimama nyuma ya lori, napanga kabichi zangu kwenye gunia. Dereva hakupiga honi. Hakutuma mtu aangalie nyuma. Alirudi nyuma tu. Gurudumu likapanda mguu wangu wa kulia, chini ya goti. Kisha lori likagonga nguzo ya kibanda, taa na mbao zake za nyuma zikavunjika. Ndipo likasimama.

Nikapelekwa hospitali. Mfupa ulikuwa umevunjika mahali pawili. Daktari alifunga plasta, akasema, "Mama, baada ya wiki sita urudi. Huu mguu utahitaji kuwekwa chuma."

Siku ya tatu mwenye lori akaja wodini. Kumbe alikuwa Mukhwana wa Mabanga, bakoki wa mume wangu! Kwetu sisi Wabukusu, wanaume waliotahiriwa msimu mmoja ni bakoki. Bakoki wako humnyimi kitu, na humshtaki. Mume wangu Wakhungu aliposikia lori ni la Mukhwana, hasira yake yote ikaisha.

Mukhwana alilia. Machozi ya kweli, niliyaona.

"Bakoki, hii tumalize sisi wenyewe," alisema. "Mambo ya polisi ya nini? Watu watatucheka."

"Ni kweli, bakoki," mume wangu akajibu.

"Nitamtibu Mama Nangila mpaka apone. Nipe hizo karatasi za hospitali niende nikalipe bili."

Wakhungu akampa karatasi zote. Hakubakisha hata moja. Mukhwana akatoa barua aliyokuja nayo mfukoni, imeandikwa ati familia imesamehe na haina madai. Wakhungu akatia sahihi. Mimi nilikuwa nimelala pale pale, macho wazi. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Bili ya siku zile Mukhwana alilipa. Alituletea mbuzi na gunia la mahindi. Lakini karatasi zangu hazikurudi. Wiki sita zilipofika, nikamtuma Wakhungu akamkumbushe juu ya chuma.

"Anasema tungoje avune shamba lake lililoko Kwanza, upande wa Kitale," Wakhungu akaniambia.

Akavuna. Tukaambiwa tungoje auze. Akauza. Tukaambiwa watoto wanaingia shule. Mwaka ukaisha, wa pili ukafuata. Mfupa ukajiunga wenyewe, ukajiunga vibaya, mguu ukapinda. Kabichi nikaacha. Nikisema, Wakhungu ananyamaza. Nikizidi kusema, anatoka nje.

"Bakoki hasumbuliwi," alikuwa ananijibu. Haki ya Mungu, neno hilo nililichukia.

Jirani yetu anaitwa Chemutai. Ni mtu wa upande wa Mlima Elgon, na alikuwa karani wa korti miaka mingi kabla ya kustaafu. Siku moja alinikuta nimekaa chini njiani, ndoo imemwagika, mimi mwenyewe siwezi kuinuka. Akaniinua.

"Mama Nangila, kwani kesi yako iliishia wapi?"

"Kesi gani? Tulimaliza nyumbani."

"Mlimaliza? Na huu mguu nao umemaliza?" Chemutai alikasirika kuliko mimi. "Uligongwa lini?"

Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole, akashika kichwa.

"Sikiza. Mtu akiumizwa na gari, sheria inampa miaka mitatu apeleke madai kortini. Ikipita hiyo, mlango umefungwa. Wewe umebakisha miezi minne!"

"Lakini Baba Nangila alitia sahihi."

"Mguu ni wa Baba Nangila?"

Akanielekeza kwa wakili mmoja Bungoma, mama anayeitwa Sifuna.

"Na usije ukampa mambo yako mtu yeyote anayezunguka hospitalini akisema ametumwa na wakili," Chemutai akaniambia. "Wakili wa kweli ana ofisi, na ana cheti cha uwakili cha mwaka huu. Mwambie akuonyeshe. Ukiwa na shaka, uliza Chama cha Mawakili."

Nilimwambia Wakhungu naenda Bungoma, apende asipende. Akavaa koti akanifuata. Nafikiri alikuja kunizuia, sijui.

Wakili Sifuna alituonyesha cheti chake bila kinyongo. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mume wangu.

"Mzee, unaogopa kumfilisi rafiki yako. Lakini gari la barabarani lazima liwe na bima, na bima ni kwa ajili ya watu kama mama huyu. Likiwa na bima, kampuni ya bima ndiyo inayolipa kwanza."

"Na ile barua?" Wakhungu akauliza.

"Aliyeumia ni mtu mzima, ana akili yake. Wewe huwezi kumsamehea mguu wake."

Wakhungu akainamisha kichwa.

Wakili akatueleza tutafute nini. Kwanza abstrakti, yaani karatasi ya polisi inayoonyesha ajali, gari na bima yake. Pili, fomu ya P3 kutoka polisi, ijazwe na daktari kueleza jeraha. Tatu, nakala za karatasi za matibabu. "Hospitali ina kumbukumbu zake," alisema. "Nendeni mkaombe. Na kuanzia leo, karatasi halisi haitoki mkononi mwenu. Mtu akitaka, mpeni nakala." Malipo yake tukakubaliana kwa maandishi, akanisomea kila mstari kabla sijatia sahihi. Safari hii nilitia mimi.

Tukaenda Kitale, kituo cha polisi. Niliogopa. Tutasema nini, baada ya karibu miaka mitatu? Nani ataamini?

Afisa alifungua kitabu kikubwa cha zamani, akapitisha kidole.

"Ajali hii iko hapa," alisema. "Iliripotiwa siku ya pili yake. Hata abstrakti ilishatolewa moja."

"Nani aliichukua?" Wakhungu akauliza.

"Mwenye lori. Mukhwana. Alikuwa anaipeleka kwa bima yake, itengeneze taa na mbao za nyuma zilizovunjika."

Nilimwangalia mume wangu. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyefiwa. Siku ya pili Mukhwana alikuwa polisi. Siku ya tatu alikuwa wodini analia, anatuambia tusiende polisi. Lori lake lilikuwa linatibiwa, mguu wangu unaambiwa ungoje mavuno.

"Andika yetu," Wakhungu akamwambia afisa.

Wakili Sifuna alimwandikia Mukhwana na kampuni ya bima, kisha akafungua kesi Kitale ikiwa imebaki wiki tano tu. Haikuwa rahisi. Kesi iliahirishwa, ikaahirishwa tena. Wakili wa bima aliniuliza ni nani aliniambia nisimame nyuma ya lori. Hakimu naye alisema sehemu ndogo ya kosa ni yangu, akapunguza malipo. Lakini nilishinda. Bima ililipa.

Nikaenda kwa daktari wa mifupa. Aliangalia picha, akavua miwani.

"Mama, ungekuja mwaka ule wa kwanza, ungetembea vizuri. Sasa nitakupunguzia maumivu. Kuunyoosha kabisa, siwezi."

Nililia pale. Mtu asiniambie nishukuru. Nimepata kibanda changu sokoni, nauza nafaka nimekaa, na usiku ninalala bila maumivu. Hayo ni mema, siyakatai. Lakini mguu wangu haki yake ilichelewa, na aliyeichelewesha alikula nyumbani kwangu.

Mwezi uliopita Mukhwana alipita kibandani. Hakunisalimia kwanza.

"Nelima, mlimpeleka bakoki wenu kortini," alisema, watu wakisikia.

Wakhungu alikuwa nyuma yangu, anafunga magunia. Nilidhani atatoka nje kama kawaida yake. Hakutoka. Akaja akasimama kando yangu.

"Wewe lori lako ulilipeleka polisi siku ya pili," akamwambia. "Sisi mke wangu tulimpeleka mwaka wa tatu. Nenda, bakoki."

Mukhwana akaenda. Nikachukua fimbo yangu, nikainuka kumpimia mteja maharagwe.