Mawe ya Watu Wasiorudi

Walikutana sokoni Skärholmen, huko Uswidi, kila mmoja ameshika upande wake wa pakiti ya mwisho ya sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa.

"Dada, nimeiona mimi kwanza."

"Kuona si kushika," Natacha alijibu, akirekebisha skafu yake ya manjano.

"Basi nialike nije kula."

Akamwalika. Gratien, Mrundi mwenzake, alikuwa fundi wa kukarabati mawe ya kale, mwenye mikono migumu na maneno laini. Mwaka ulipopita alipata kazi ya miezi sita katika mji mdogo wa Ujerumani, kwenye makaburi ya Wayahudi. Wayahudi wa mji huo walichukuliwa wote wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wakauawa. Hakurudi hata mmoja wa kuyapalilia.

Kila jioni alipiga simu. "Laazizi, leo nimesafisha jina la mtoto."

Ghafla simu zikakoma. Siku ya nne Natacha alipiga yeye. Ikapokea sauti ya kike, ikajitaja jina: "Alma."

Alikata, akaifungia namba ya Gratien. Wiki nzima ikapita.

Jumapili mlango wa fleti yake, mtaani Alby, ukagongwa. Gratien, viatu vimejaa tope.

"Alma wako hajambo?"

"Ana miaka themanini na mitatu, mpenzi! Ndiye mtunza ufunguo wa makaburi. Niliugua homa kwake, sikujitambua."

Natacha alicheka, kicheko kikageuka kilio. Gratien akamshika mikono.

"Wameniongezea kazi ya miaka mitatu kule. Nikuoe, twende wote."

Natacha alitazama dirishani, alikoketi mama yake, Vénantie. Maradhi ya kusahau yalikuwa yamemfutia Kiswidi, na watu wote isipokuwa bintiye.

"Nikimwacha, nani atamtambua?"

"Basi naacha kazi."

"Utaweza?"

Baba yake Gratien alichukuliwa mwaka tisini na tatu, wakati wa mauaji ya Burundi. Kaburi lake halijulikani mpaka leo. "Kila herufi ninayoisafisha," alisema, "ni kama namtafuta yeye."

Natacha alimfunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, taratibu, na vilipokwisha akamsindikiza mpaka kwenye lifti.

Aliporudi, mama yake aligeuka.

"Yule nani?"

"Mwanamume aliyekuja kunioa, mama."

"Mzuri. Mbona umemwacha aende?"

Natacha alipiga magoti, akaanza kumvua mama yake soksi, kama kila usiku.