Kidoti cha Columbus

—Nsimire, uko wapi?

—Niko kazini, Salomon. Ni saa ya kula.

—Kazini wapi?

Nsimire aliweka kijiko chini. Mchumba wake hakuwahi kumuuliza swali la namna hiyo. Ghala analofanyia kazi liko palepale South End, Louisville, mwaka wa tatu sasa, na Salomon huko Buffalo alijua hata jina la msimamizi wake.

—Louisville. Kwani niko na kazi ingine?

—Bon. Fungua kamera nione.

—Juu ya nini?

—Fungua tu.

Ingekuwa kazi ya sekunde moja. Aguse kioo, aonyeshe meza, mashine ya soda, wenzake na vizibao vyao vya manjano, mambo yaishe. Kidole kilifika mpaka kwenye alama ya kamera, kikasimama. Nsimire alikuwa na subira ya kukaa na mtu mgumu mwaka mzima bila kununa. Lakini kukaguliwa na mtu aliyemposa, kama mzigo uliotoka Uchina, hapana.

—Ukitaka jibu, nimekupa, alisema. Ukitaka kunipekua, tafuta polisi.

Akakata simu.

Hazikupita dakika mbili, ujumbe ukaingia: «Columbus unaishi na nani? Usinidanganye, tunaona kila kitu.» Chini yake kulikuwa na picha ya ramani, na juu ya ramani kidoti cha buluu kimekaa kwenye nyumba moja mjini Columbus. Pembeni pameandikwa: Mkoba wa Nsimire.

Aliikuza picha kwa vidole viwili, akasoma jina la mtaa. Kisha akacheka puani, peke yake. Mtaa ule aliujua, na nyumba ile alishalala mara kumi. Ni kwa shangazi yake Clémence, dada wa baba.

Mambo yalikuwa hivi. Mwezi uliopita familia ya Salomon ilituma valizi ya mchumba, yaani sanduku la zawadi za posa: vitenge sita, viatu, mafuta ya mwili, na mkoba wa ngozi nyekundu uliowafanya majirani wakohoe. Ilitoka Buffalo kwa basi. Yaya Josiane, dada mkubwa wa Salomon, aliogopa isije ikapotea njiani, akapenyeza ndani ya bitana ya mkoba kidude cha kufuatilia mizigo, cha duara, ukubwa wa kifungo cha koti. Hapo hana kosa, hata wewe ungefanya. Kosa ni kwamba valizi ilifika salama naye akanyamaza. Akaendelea kuangalia kidoti kwenye tableti yake kila asubuhi, kama watu wanavyoangalia kama theluji itaanguka.

Na kwa akina Nsimire, valizi ya kwanza ikifunguliwa, shangazi anachagua kitu kimoja kabla bibi harusi hajagusa chochote. Shangazi Clémence hakujiuliza mara mbili. Alibeba mkoba mwekundu, akarudi nao Columbus.

Habari za kidude Nsimire alikuwa bado hajazijua. Ila alijua mkoba uko wapi, na kama wanauona kwenye ramani, basi kuna kitu ndani yake. Angeweza kumwandikia Salomon maneno matatu tu. Badala yake aliandika: «Jumamosi mchana, familia zote mbili, kwa vidio. Nitajibu hapo.»

Jibu likarudi haraka. Hata huko kwao wameshaamua hivyo, na asipokuwa na maelezo, harusi hakuna.

Maneno hayo yalimuuma, maana Salomon alimpenda kweli. Ndiye aliyemtumia kompyuta ya zamani ya kukunja, akamfundisha kwa simu kuiwasha, kuandika barua pepe, mpaka akajaza mwenyewe fomu ya leseni ya udereva. Kompyuta nzito, feni inalia kama inapanda mlima, lakini Nsimire hakutamani mpya: herufi zake ni kubwa na haina haraka na mtu. Wala Salomon hakuwa na haraka naye. Hakuwahi kumcheka kwa kuishia darasa la sita. Mtu huyo sasa anataka kamera.

Jumamosi mzee Bisimwa, baba yake, alisimamisha tableti mezani, akaiegemeza kwenye kopo la sukari. Kwa mambo ya familia Nsimire aliipenda tableti kuliko simu. Simu inaonyesha pua ya mtu. Tableti inaonyesha watu watano pamoja na kochi lao. Akaona kochi zima la Buffalo, Salomon katikati, ameinamisha kichwa. Kwenye kona ya kioo kulikuwa na paji la uso la shangazi Clémence. Kwa ombi la Nsimire, naye aliingia kutoka Columbus.

Josiane alisalimia kwa adabu, akauliza afya ya kila mtu, kisha akaingia kwenye jambo lenyewe.

—Papa Bisimwa, tunawaheshimu. Lakini niliweka kidude mu ule mkoba, na kidude hakina mudomo wa kudanganya. Wiki tatu binti yenu analala Columbus.

Mzee Bisimwa aligeuka akamtazama binti yake aliyekaa naye bega kwa bega.

—Wiki tatu analala chumba cha pili hapa, alisema. Namusikia anakoroma.

Nsimire alitamani sakafu ifunguke. Huko Buffalo mtu alijikohoza. Shangazi ndiye aliyeuliza:

—Columbus ya wapi? Mwenye kukaa Columbus ni miye.

—Shangazi, alisema Nsimire polepole, inua mkoba wako wauone.

Paji la uso likatoweka, mkoba mwekundu ukajaa kona nzima.

—Donc, kumbe ni nyinyi? Kila siku simu inaniandikia Kingereza, nasikia eti kuna kitu kinanifuata. Nikafikiri ni bale batu ba bima ya gari. Nikawa nafuta.

Kochi la Buffalo likaanza kucheka, isipokuwa wawili.

—Shangazi, nisamehe, alisema Josiane. Nilisahau haki yako.

—Ulisahau? Na kesho watoto wa Salomon watakuita weye nani?

Josiane alifunika uso kwa mikono. Salomon akainua kichwa, akaanza kusema sheri, sheri, mpenzi wangu. Nsimire akainua kiganja.

—Miye sina masomo. Lakini kwa masaa kumi kila siku nashika mashine ya kusoma maboksi. Inaniambia boksi lilipita wapi mara ya mwisho. Nani amelibeba, na juu ya sababu gani, haiwezi kujua. Hapo nauliza mutu. Hivyo vidude ni vizuri, Salomon, nami nitanunua kimoja cha funguo za papa. Lakini weye uliniuliza, nikakujibu, ukachagua kidoti.

Akaisogeza tableti karibu.

—Valizi naifunga leo, inarudi. Mkoba ubaki, ule ni wa shangazi. Ukinitaka, kuja mwenyewe uanze kuposa upya.

Alidhani baba atamkemea. Mzee alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati taratibu sana, huku mdomo wake ukikataa kukaa sawa kwa furaha.

Jioni ujumbe ukaingia: «Nimekosa. Walinionyesha ramani nikakusahau wewe. Nakuja.»

Nsimire aliusoma, akaosha vyombo, akapiga pasi sare yake ya kazi. Ndipo akajibu: «Njia ni ndefu. Vaa vizuri.»

Wiki mbili baadaye gari lilitoka Buffalo alfajiri, likapitia Columbus kumchukua shangazi, na kufika South End mchana. Josiane alikuwa amekaa na shangazi nyuma. Walichoongea njiani hakijulikani mpaka leo, ila walishuka wameshikana mikono.

Wageni wakakaa. Kama desturi inavyotaka, Nsimire aliitwa kutoka chumbani, akasimama mbele ya watu akiwa na kitenge chake mwenyewe. Shati la Salomon lilikuwa limejikunja kwa safari, macho mekundu, lakini hakuyainamisha.

—Mwanangu, alisema mzee Bisimwa, hawa watu wanasema huyu kijana ni wao. Weye unamujua?

Nsimire alimtazama Salomon bila haraka, mpaka watoto wa majirani pale mlangoni wakaacha kutafuna.

—Namujua, papa. Na sasa na yeye ananijua.

Shangazi Clémence alitangulia kupiga vigelegele, Josiane akafuata.