Kwa Jina la Nedka

JUMATATU, SAA 12.20 JIONI

Chumba cha nyuma cha kiwanda kilikuwa na meza moja, taa moja na watu wanne. Kiwanda kilikamua mafuta ya waridi, na harufu ya maua yaliyochemshwa ilikuwa imeingia kila mahali, hata kwenye mkate. Gavril, mwenye dili, alipasua mbegu za alizeti kwa meno na kutema maganda sakafuni.

"Hakuna bunduki," alisema. "Hakuna kuvunja mlango. Tunaingia getini kama bwana harusi."

"Hata nondo, bosi?" aliuliza Kosta, mlinzi wake, mcheza mieleka wa zamani.

"Hata kijiko."

Mpango ulikuwa rahisi. Ng'ambo ya pili ya mji wao, Kazanlak, kulikuwa na ghala walikohifadhi mafuta ya waridi ya nusu ya bonde, katika mitungi ya shaba. Mtungi mmoja unanunua nyumba. Hautoki mpaka kompyuta ya ghala iseme umeachiliwa, na kwa gari lipi. Karani wa dirishani anasoma skrini, anagonga muhuri, mlinzi anainua geti. Hapigiwi mtu simu. Pale ghalani waliiamini kompyuta kuliko macho yao wenyewe.

"Kwa hiyo hatuibi mafuta," Gavril alisema. "Tunabadilisha neno moja tu. 'Umezuiliwa' linakuwa 'Umeachiliwa'. Mwalimu, waeleze."

Mwalimu alikuwa Velin. Alifundisha kompyuta shule ya ufundi na hakuwahi kuiba hata chaki. Alikuwa pale kwa sababu ya mtu aliyekaa kando yake, mdogo wake Plamen, dereva, mwenye bandeji kwenye vidole viwili. Plamen aliutelekeza mzigo wa sigara wa Gavril mpakani. Gavril akamvunja vidole, kisha akasema: kaka yako anifanyie kazi moja, halafu uko huru, akikataa, navunja kisichoungika. Velin ndiye aliyewalea Plamen na dada yao Nedka tangu mama yao azikwe. Angekataa vipi?

"Ni programu ndogo," alisema. "Wanafunzi wangu wanaiandika muhula wa kwanza. Inabisha hodi kwenye kanzidata ya ghala, inataja jina na neno la siri, inafunguliwa. Kiwanda hiki kina laini ya kule tayari, ya kupeleka uzito wa mafuta. Tunachokosa ni jina la mtu mwenye ruhusa ya kuachilia mzigo."

"Ninalo. Tsonyo, karani wao. Alikufa Februari, hawajamfuta."

Velin alilijua tangazo la kifo cha Tsonyo. Lilikuwa bado limebandikwa getini kwake, picha imepauka kwa jua. Akapata afueni. Kila badiliko linalothibitishwa, kanzidata huweka pembeni yake jina la aliyelifanya, na marehemu hafungwi.

"Na Nedka?" aliuliza, maana Nedka naye alikuwa karani wa dirishani kule ghalani. "Asiwepo. Hilo ndilo sharti langu."

"Alhamisi ana likizo, kaka," Plamen alisema, macho kwenye bandeji. "Anakwenda kuchuma waridi kijijini. Aliniambia Jumapili, nilipokula kwake."

ALHAMISI, SAA 3.05 ASUBUHI

Mvua ilianza alfajiri. Velin aliisikia kwenye bati na hakuiwazia lolote.

Plamen alikuwa tayari barabarani na lori. Simu yake ilikuwa wazi ndani ya mfuko wa shati, na sauti ya vifuta kioo ilisikika kwenye simu ya Gavril mezani.

Velin aliandika jina la Tsonyo na neno la siri alilopewa. Akabofya. Skrini ikajibu: Jina halitambuliki. Akarudia. Jibu lile lile.

"Wamemfuta," alisema. Moyoni alifurahi. "Basi, mzee. Mwite dogo arudi."

Gavril alitema ganda. "Andika lingine. N, nukta, Stoilova."

Mikono ya Velin ilitoka juu ya kibodi. Lilikuwa jina la Nedka, na la ukoo wao.

"Neno la siri ni Marko. M kubwa. Na mwaka wake wa kuzaliwa, unaujua kuliko mimi."

Marko alikuwa punda wao, aliyevuta mkokoteni wa magunia ya waridi hadi kiwandani. Alipougua, Nedka, mtoto wa miaka sita, alilala naye zizini na hakuna aliyeweza kumtoa. Watu waliomkumbuka punda yule walikuwa wamebaki watatu duniani.

"Nani kakupa hili?"

"Yuko hewani. Muulize."

Velin aliinamia simu. "Dogo."

Vifuta kioo viliendelea. Kisha Plamen akasema, "Kaka, ilikuwa akiba tu. Tsonyo akigoma. Alifungua kompyuta jikoni mbele yangu, hakujificha, angejificha nini kwangu?"

"Umemuuza dada yako."

"Sijamuuza! Nimemwazima jina tu. Atasema kaibiwa neno la siri."

"Na nani atamwamini?"

"Kaka, wewe hukuwepo wakinivunja vidole," Plamen alisema, na sauti yake ilikuwa ile ile aliyolilia nayo utotoni. Hapo ndipo Velin alipoumia zaidi, kwa sababu hata sasa alitaka kumbembeleza.

Kosta alifunga mlango kwa ufunguo. Gavril akavuta kiti karibu.

"Mwalimu, dogo wako anaingia getini sasa hivi. Skrini ikisema umezuiliwa, wanamkamata. Ikisema umeachiliwa, anatoka na leo hii namsamehe. Fanya kazi."

SAA 3.22

Aliandika. Nukta ya kijani ikawaka: Imeunganishwa. Darasani, mwanafunzi akiiona nukta hiyo kwa mara ya kwanza huruka na kupiga kelele. Velin aliendelea kuandika.

Alitafuta mzigo, akabadilisha neno, akaingiza namba ya lori. Mstari ukasomeka: Umeachiliwa.

"Safi!" Gavril alimpiga bega. "Kumbe kazi yenyewe ndiyo hii? Na mnalipwa mshahara?"

Gavril hakujua kwamba kazi bado. Badiliko lile lilikuwa mbele ya macho ya Velin peke yake. Kule ghalani mzigo ulikuwa umezuiliwa kama jana. Ilibaki kuchagua. Chini ya mstari palikuwa na vitufe viwili alivyoviweka mwenyewe: Thibitisha na Tengua. Akithibitisha, Plamen anatoka na jina la Nedka linabaki pale daima. Akitengua, Nedka anabaki safi na Plamen anavishwa pingu dirishani.

Akamkumbuka Plamen siku ya mazishi ya mama, ameshika pindo la koti lake kutwa nzima, hataki kuachia hata chakulani. Akamkumbuka Nedka, ambaye hakuomba kitu kwa mtu yeyote, na ambaye wakati huu yuko shambani anachuma waridi na hajui lolote. Gerezani vidole vitapona, alijiambia. Gavril hataweza kumfuata kule. Alijiambia mengi, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Akabofya Tengua.

Skrini haikubadilika. Programu yake haikusoma upya mpaka iamriwe, na hakuiamuru. Gavril aliendelea kulitazama neno lile kwa mapenzi.

SAA 3.31

Mlango wa lori ulifungwa. Hatua kwenye maji. Kisha sauti ya mwanamke kwenye simu:

"Hati zako, tafadhali... Plamen?"

Velin alishika ukingo wa meza.

"Dada," Plamen alisema. "Si uko kijijini?"

"Na mvua hii nichume nini, tope? Nimerudi kazini. Wewe je, tangu lini unabeba mafuta?"

"Nimepata kibarua. Nipigie muhuri, nimechelewa."

Karatasi zilifunuliwa. "Huu umezuiliwa."

"Angalia vizuri."

"Nimeangalia. Vidole vimefanya nini?"

Gavril aliacha kutafuna. Akanyoosha mkono mwenyewe, akabofya kitufe cha kusoma upya. Umezuiliwa. Akageuka taratibu.

"Mwalimu?"

Ngumi ya Kosta ilimpata Velin mdomoni kabla hajajibu. Akaanguka na kiti chake.

Kwenye simu Plamen alikuwa analia. "Wataniua, dada. Naomba. Nikitoka mikono mitupu wataniua."

Mvua kwenye bati la kule na mvua kwenye bati la huku. Kisha ikasikika kibodi. Velin aliitambua: Nedka huandika kwa vidole viwili, kwa nguvu, kama anayeponda vitunguu saumu.

"Nedka, acha!" alipiga kelele kutoka sakafuni. Kosta akamkanyaga kifua.

Gavril alibofya. Umezuiliwa. Akabofya tena. Mara ya tatu neno likawa Umeachiliwa, na pembeni yake jina: N. Stoilova.

Muhuri ukagonga.

"Nenda," Nedka alisema. "Na usimwambie Velin. Ataumia."

Gavril alicheka hadi akapaliwa na mbegu.

JUMAMOSI, SAA 4 ASUBUHI

Inspekta Raycheva alimsikiliza hadi mwisho. Velin alisema yote, kwa mdomo ulioshonwa nyuzi: Gavril, kiwanda, programu, punda Marko.

"Kiwandani tumekwenda," inspekta alisema. "Pamefungwa. Hakuna hata meza. Na kanzidata nimeipekua. Saa 3.33, jina la dada yako, kompyuta yake, mkono wake. Wewe hupo popote."

"Nilitengua. Kilichotenguliwa hakiachi alama."

"Kwa hiyo unakiri kitu ambacho hukukifanya."

"Niliunganisha! Nilikuwa ndani! Ningethibitisha mimi, angekana na kweli ingekuwa upande wake. Ningekaa tu bila kubofya chochote, mstari ungebaki umeshikwa na programu yangu na yeye asingeweza kuubadilisha. Badala yake nilimwachia yeye."

Raycheva alisukuma glasi ya maji mbele yake. "Bwana Stoilov, dada yako anasema aliupanga wizi mwenyewe, na kwamba yeye ndiye aliyemdanganya dereva. Alisema pia kwamba utakuja kujitwisha kosa lake, kwa sababu umewalea. Nenda nyumbani."

"Naweza kumwona?"

"Hataki. Ameuliza jambo moja tu, na sikuwa na jibu. Kama mdogo wenu alifika salama."

Velin aliitoa simu mfukoni, akaitazama. Tangu Alhamisi Plamen hakuwa amepiga, na namba yake haikuita tena.

"Mwambie alifika," alisema. "Mwambie amepiga simu na anamshukuru."